Usimzike Mama Chini ya Nambari ya Baba

Chukua programu ya mazishi ya mke wa mwanajeshi mstaafu kutoka pande za Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, ufungue ukurasa wa wasifu. Mara nyingi mama amepewa sentensi mbili. Ya kwanza inasema aliolewa na Koplo au Sajini fulani wa Jeshi la Kenya. Ya pili inasema Mungu aliwajalia watoto saba. Kisha zinafuata kambi alizohudumu mume, vyeo alivyopanda, nishani alizovishwa na tarehe aliyostaafu. Mama anaporudi kwenye maandishi tayari ni mgonjwa, na hospitali zinatajwa moja baada ya nyingine hadi mwisho. Hapo katikati imepita miaka sitini, na mwombolezaji hajui mama huyu alilima shamba gani, alikaa na nani mume alipokuwa mbali, wala Kiswahili chake kizuri alikipata wapi.

Siwalaumu wanaoandika. Wanaandika usiku, kamati ya mazishi inawasubiri na mchapishaji anapiga simu. Karatasi za baba zipo: cheti cha kuondoka jeshini, barua za pensheni, picha akiwa amevaa sare. Jeshi huandika tarehe ya kila jambo la askari wake. Tarehe za mkewe hakuna aliyeziandika. Hata taifa limefanya vivyo hivyo. Sanamu ya Askari iliyo Kenyatta Avenue jijini Nairobi, iliyosimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ina wanaume watatu. Wanawake waliobaki wakilisha watoto na wazee, huku vijana wa Nyanza wakibeba mizigo ya vita hadi Tanganyika, hawamo.

Basi kazi ya familia ni kuzitafuta tarehe za mama mahali ambapo jeshi halikuangalia, na kuupanga wasifu kwa safari zake yeye badala ya vyeo vya mumewe. Inawezekana, hata kwa mama ambaye hakuwahi kushika kalamu.

Anza akiwa hai

Familia za wanajeshi hazina uhakika wa kupewa muda. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Siku ya Jumapili tarehe 21 alikuwa amezikwa kwao Siaya bila jeneza, maana alikuwa ameagiza azikwe ndani ya saa 72. Kwa Waislamu muda ni mfupi zaidi. Mama Sarah Obama wa Kogelo alifariki tarehe 29 Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa kesho yake asubuhi. Familia ambayo ilikuwa bado haijaandika kitu, kwa muda kama huo itaandika nini?

Huyo Mama Sarah anatufundisha zaidi ya hilo. Mumewe, Hussein Onyango Obama, alikulia Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, katika kaunti hii hii ya Homa Bay. Alikuwa mpishi wa Waingereza, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akawa katika utumishi wa jeshi lao. Barack Obama alipokwenda Kogelo miaka ya mwisho ya 1980, kabla hajaingia siasa, aliketi na nyanya yake akamwomba asimulie habari za ukoo. Mama Sarah alizungumza kwa Dholuo, Auma, dada yake Barack, akatafsiri, na simulizi ile ikawa sehemu ndefu ya kitabu cha Barack kilichotoka mwaka 1995. Ukiisoma unamfahamu Onyango vizuri sana: ukali wake, usafi wake, safari zake. Msimulizi mwenyewe, aliyelima na kulea katika boma lile huku mume akija na kuondoka, unamwona kwa vipande tu. Mjukuu alitaka kujua habari za baba na babu, naye akajibu alichoulizwa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "Babu alikuwa kambi gani?" Hilo litakupa kambi. Anza na vitu vilivyopita mikononi mwake mwenyewe. Mwulize huyo nyanya, Dana kwa Dholuo:

"Dana, siku uliyoondoka hapa mara ya kwanza kumfuata babu, ulibeba nini?"

Tuseme anajibu kwamba alibeba mtoto mgongoni na debe la mtama, kwa sababu mama mkwe alimwambia huko Nakuru watu hawana chakula. Mlango umefunguka. Uliza nani alimsindikiza. Uliza kama walipanda meli pale Homa Bay hadi Kisumu kisha treni, kama walivyosafiri wengi zamani, au basi. Uliza alifika saa ngapi, nani alimpokea, chumba kilikuwa na nini ndani, na jirani wa kwanza kumsalimia alikuwa mtu wa wapi. Wake wengi wa askari kutoka Nyanza walijifunzia Kiswahili kwenye kota, kwa majirani Wakamba, Wakalenjin na Wasamburu, kwenye bomba la maji na duka la kambini. Mama aliyetoka kijijini akizungumza Dholuo peke yake akarudi anaongea lugha mbili na kupika githeri ana historia yake ya jeshi, na haimo katika faili lolote la mumewe.

Kisha uliza juu ya kungoja, na hapo usiharakishe. Mume alipopelekwa Kaskazini Mashariki wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, au mwana alipovuka mpaka kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, habari zilimfikia vipi? Nani alimsomea barua? Redio ikitangaza shambulio alikuwa akifanya nini kwanza? Kuna akina mama wa pande hizi waliongoja mara mbili, kwanza mume kisha mwana. Ukimwuliza "uliogopa?" atasema Mungu alikuwepo, na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwuliza "usiku huo ulilala wapi, na nani alikuja kukaa nawe?" utapata majina ya watu wanaostahili kutajwa siku ya mazishi.

Usisahau pesa. Wakati wa ukoloni sehemu ya mshahara wa askari ilitumwa nyumbani kupitia ofisi za serikali, na makao ya wilaya kwa watu wa huku yalikuwa Kisii. Baadaye ikawa hawala ya posta. Nani alikwenda kuzichukua? Zilipokelewa na mke, baba mkwe au shemeji? Nani aliamua zinunue ng'ombe, mabati au karo? Nyumba nyingi zinazosemwa zilijengwa na baba akiwa jeshini zilisimamiwa na mama. Ndiye aliyehesabu miti, akawalisha mafundi, akagombana na fundi aliyeiba misumari. Andika hivyo.

Kupanga miaka

Kitambulisho cha mama mzee huenda kina mwaka wa kuzaliwa peke yake, nao ulikadiriwa na karani. Usiutegemee sana. Kalenda yake halisi ni mimba na matukio. Mwulize: Mboya alipouawa, ulikuwa na mtoto gani mgongoni? Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa Rusinga, na ni vigumu kumpata mzee wa iliyokuwa South Nyanza asiyekumbuka alikuwa wapi wiki hiyo. Yapo na matukio mengine ya kushikilia: mwisho wa vita 1945, mvua kubwa za 1961 ziwa lilipopanda, Uhuru wa Desemba 1963, mahindi ya manjano ya ukame wa 1984, mwanzo wa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Pachika kila mtoto, kila nyumba na kila kuhama kwenye mojawapo, na ndani ya alasiri moja utakuwa na mstari wa maisha ambao hauna nambari ya jeshi hata moja.

Sasa mstari huo ukaguliwe kwa karatasi, na karatasi bora ni za watoto. Kusanya kadi za ubatizo, vyeti vya kuzaliwa na barua za shule za ndugu wote, wakubwa kwa wadogo, uzipange mezani kwa miaka. Mtoto wa kwanza alibatizwa Asumbi, wa pili Nakuru, wa tatu Nanyuki, wa nne Asumbi tena. Hapo umeona mama alipoishi mwaka hadi mwaka, na umeona alirudi nyumbani lini. Yale makadi machafu yaliyofungwa kwa uzi ndani ya mfuko wa nailoni ndiyo rekodi ya utumishi wake.

Kama alibatizwa Mkatoliki, nenda ofisi ya parokia ukiwa na jina lake la ubatizo, jina la baba yake na mwaka wa kukisia. Daftari la ubatizo huonyesha wazazi na msimamizi, na desturi ya Kanisa ni kuandika ndoa pembeni mwa jina la mbatizwa, kwa hiyo mstari mmoja waweza kukupa tarehe mbili. Baadhi ya madaftari ya zamani yana maneno ya Kilatini; mwombe padri au karani akusomee. Kama parokia yenu ilizaliwa baadaye, daftari la zamani huenda limebaki parokia mama, na Asumbi ni misheni kongwe iliyozaa nyingine. Wapo pia akina mama waliohamia Legio Maria, ambayo makao yake ni Got Kwer huko Migori. Hao tafuta habari zao kwa waliosali pamoja nao.

Karatasi za baba zitumike kwa kazi moja: kuthibitisha tarehe. Nishani ya Burma Star inakuambia alikuwa upande wa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Hiyo ina maana kwamba mavuno ya mwaka huo mama aliyavuna bila yeye, na ndilo jambo la kuandika. Ikiwa mume wa kwanza hakurudi, tafuta jina lake kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupekuliwa bure mtandaoni. Jaribu tahajia kadhaa, maana makarani waliandika walivyosikia: Owuor, Owour, Uwor. Wasio na makaburi huwa na majina kwenye kumbukumbu: ya Rangoon kwa waliopotelea Burma, na ya Afrika Mashariki iliyo katika makaburi ya vita kwenye Ngong Road, Nairobi. Hiyo ya Nairobi inawakumbuka pia askari wetu waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli hiyo ilikuwa imetoka Mombasa kuelekea Ceylon, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, mamia yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mjane aliyeletewa habari ile na kuishi miaka hamsini zaidi anastahili aya yake, pamoja na jina la marehemu mumewe, hata kama baadaye alikaa na mwanamume mwingine wa ukoo.

Sauti yake

Simu yako inatosha. Mkalishe mama anapopenda kukaa, asubuhi kabla hajachoka, mbali na redio na kuku. Zima mawasiliano ya simu ili isilie katikati ya maneno, uiweke juu ya leso iliyokunjwa, karibu na kinywa chake kuliko chako. Mwanzoni taja tarehe, mahali na jina lake kamili. Rekodi dakika mbili, sikiliza, kisha uendelee. Mwache aseme kwa Dholuo chake. Tafsiri itafanywa mezani siku nyingine, na maneno yake ya asili yabaki kando ya tafsiri. Akinyamaza, nyamaza naye. Vijana wengi huharibu hapa kwa kurukia swali linalofuata.

Picha nazo zinataka uangalifu. Geuza kila moja uandike nyuma kwa penseli laini majina ya waliomo na mahali, mama akiwa pale pale akikutajia. Usiandike kwa kalamu ya wino, usizitie plastiki ya moto, na usizibandue kwa nguvu kwenye albamu zilizoganda. Zipige pamoja na ukurasa wake. Zipigie kivulini nje ya nyumba, bila mwanga wa simu. Unapozituma kwa ndugu kupitia WhatsApp zitume kama faili, la sivyo zitapungua ubora na mchapishaji wa Rongo atakutolea uso usiotambulika.

Tafuta pia waliokuwa majirani wa kambini. Wake wa wanajeshi wana chama chao, MWAK, na wazee waliostaafu hujuana kwa vikosi. Simu moja kwa mama wa Machakos aliyekaa mlango unaofuata pale kambi ya Lanet, Nakuru, yaweza kukupa kisa ambacho watoto wenyewe hawakuwahi kusikia.

Yaliyo mazito

Kwa familia nyingi za Nyanza, neno jeshi linaleta tarehe 1 Agosti 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi lililoongozwa na Hezekiah Ochuka, jeshi la wanahewa lilivunjwa, watu wakafungwa na wengine kufukuzwa, kwa hatia au bila hatia. Nyuma ya kila aliyepoteza kazi kulikuwa na mke aliyepoteza nyumba na mshahara, akarudi kijijini na watoto waliotazamwa kwa jicho la kando. Familia hizo zilinyamaza kwa sababu ya hofu, na zingine zinaendelea kunyamaza kwa mazoea. Ushauri wangu ni kwamba, mama akikubali, kisa hicho kisemwe, tena kwa upande wake: alirudi lini, alianza biashara gani, nani alimkopesha mbegu, mtoto yupi aliacha shule. Huhitaji kuhukumu kesi ya baba. Akikataa, heshimu kauli yake na uyaweke maneno hayo katika sauti ya familia tu.

Wake wenza waandikwe. Katika boma lenye wake wawili mara nyingi mmoja alikaa kambini na mwingine akashika boma, na kila mmoja alimlelea mwenzake watoto. Kumficha mmoja ni kuacha nusu ya kazi ya mwingine bila maelezo. Kaeni pamoja, watoto wa nyumba zote, mkubaliane maneno kabla hayajachapwa.

Na kuna mambo ya kuacha nje kabisa. Nambari ya jeshi ya baba, nambari ya kitambulisho na ya pensheni zisitokee kwenye programu. Matapeli husoma programu za mazishi. Mwana au binti ambaye bado yuko kazini aandikwe "mwanajeshi", basi, bila kikosi wala anakohudumu. Ikiwa mama alipoteza mwana vitani, kama waliowapoteza wana wao El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, mwulizeni mjane wa huyo mwana na watoto wake wangependa itajwe namna gani. Huzuni hiyo ni yao pia.

Kuandika

Anza na kwao. Huku kwetu mama huitwa kwa alikotoka, Nyar Kochia au Nyar Kagan, hadi anazeeka, kwa hiyo wasifu usianzie siku ya kuolewa. Taja mama yake mzazi kwa jina, ambalo watu hulisahau kuliko hata la bibi arusi mwenyewe.

Kisha fuata safari zake. Linganisha. Sentensi ya kawaida ingesema: "Marehemu aliolewa na Koplo fulani mwaka 1966 na wakajaliwa watoto saba." Ukiwa umefanya kazi niliyoeleza, unaweza kuandika hivi: "Mwaka 1966 alipanda treni Kisumu na mtoto wa miezi minne akaenda Lanet. Walikaa chumba kimoja miaka mitatu. Alishona sare za watoto wa majirani kwa mashine ya kuazima, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Alirudi Asumbi wiki ambayo Mboya alizikwa, akabaki na boma kwa miaka kumi na miwili huku mumewe akija likizo." Ni maneno mengi zaidi, lakini kila mama aliyepita njia hiyo atainua kichwa pale kwenye hema.

Cheo cha mume kitajwe mara moja, mahali pake. Ugonjwa upewe mistari miwili na shukrani kwa waliomuuguza. Ukurasa mmoja wa programu ni maneno kama mia tano, na hayo huchukua dakika tano kusoma. Yaliyobaki yaende kwenye kijitabu kirefu cha familia, pamoja na sauti na picha. Kihifadhiwe kwa watu watatu wanaoishi miji tofauti, na nakala ya karatasi ibaki kwenye boma, maana simu huibwa.

Wasifu usomwe na mjukuu aliyefanya mahojiano, kwa lugha ambayo wazee walioketi mbele wanaielewa, kabla wanasiasa hawajapewa kipaza sauti. Fanyeni makubaliano hayo na mwenyekiti wa kamati mapema, tena kwa maandishi. Baada ya mazishi, acheni daftari kwenye boma katika siku za matanga, kwa kuwa hapo ndipo watatokea wenye vipande mlivyokosa: aliyesafiri naye melini, mtoto wa jirani aliyeshonewa sare, mwanamke aliyekopeshwa naye debe la mbegu. Waandikeni majina na nambari za simu, muwapigie wiki hiyo hiyo, na mtoe toleo la pili lililosahihishwa kabla ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja.